Mishipa ya Shingo Imebana: Presha Ishushwe Hadi Wapi?

Tangu ukurasa huu uandike juu ya kiharusi, barua nyingi zinazotufikia zinatoka kwa familia ambazo tayari zina mgonjwa aliyepimwa na kuambiwa kwamba mishipa inayopeleka damu kichwani imebana. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu hali ya mgonjwa huyo haiwezi kungoja.

*Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 68 na ameishi na presha kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Miezi miwili iliyopita mkono wake wa kulia ulikufa ganzi na akashindwa kutamka maneno kwa muda wa kama nusu saa, kisha akarudi kuwa sawa. Kipimo cha mishipa ya shingo kilionyesha kwamba wa kushoto umebana kwa asilimia 80 na wa kulia kwa asilimia 75. Presha ilikuwa 170/95, akaongezewa dawa mbili kwa mkupuo, na sasa ni 118/70. Lakini asubuhi akisimama macho yanaingia giza, na mara kadhaa mkono ule ule wa kulia umetikisika wenyewe kwa kama dakika moja huku fahamu zake zikiwa timamu. Jirani anasema ni kifafa. Kaka yangu anataka tuache dawa zote. Mama anasema namba hiyo ndiyo nzuri na tusiiguse. Nani yuko sahihi?* — Binti, Tanga

Marahaba, binti yangu. Mpelekeni baba hospitali leo hii, msingoje tarehe ya kliniki, na mkifika mwambieni daktari neno kwa neno kwamba mkono unatikisika anaposimama. Mtikisiko wa mkono au mguu wa upande mmoja, unaokuja mtu akiinuka na kukoma akikaa au kulala, ulielezwa na daktari wa mishipa ya fahamu C. Miller Fisher mwaka 1962, na mara nyingi huwa ni dalili kwamba upande wa pili wa ubongo unapungukiwa na damu. Mkono wa kulia wa baba yako unaongozwa na ubongo wa kushoto, na mshipa wake wa kushoto ndio uliobana zaidi. Watu wengi huitwa wagonjwa wa kifafa kwa dalili hii na kupewa dawa za kifafa, hali shida iko shingoni.

Kati ya kaka na mama hakuna aliye sahihi, ingawa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 ya mwili, lakini huchukua kati ya asilimia 15 na 20 ya damu ambayo moyo unasukuma mtu akiwa ametulia, na hauna akiba ya maana ya kutumia damu ikikatika. Kwa hiyo umepewa namna ya kujilinda: presha ikishuka, mishipa midogo iliyo ndani yake hupanuka ili damu ile ile iendelee kupita, na presha ikipanda, mishipa hiyo hujibana. Mtafiti wa Denmark, Niels Lassen, alionyesha mwaka 1959 kwamba kwa mtu mzima mwenye afya mtiririko huo hubaki karibu vile vile hata wastani wa presha ukishuka hadi 60 au ukipanda hadi 150.

Wastani huo si jumla ya namba mbili ikigawanywa kwa mbili. Huchukuliwa namba ya chini, kisha ikaongezwa theluthi ya tofauti iliyopo kati yake na namba ya juu. Wastani wa baba yako ulikuwa 120 alipokuwa na 170/95, na sasa ni 86. Kwa kijana asiye na ugonjwa, 86 inatosha kabisa. Baba yako ni mtu mwingine, na kwa sababu mbili. Kwanza, mwili ulioishi na presha ya juu miaka mingi huizoea, ule mpaka wa chini ukasogea juu, na ubongo huanza kuhisi upungufu mapema kuliko wa mtu mwingine. Mpaka huo unaweza kurudi chini taratibu mtu akitibiwa vizuri, lakini huchukua wiki na miezi, si siku mbili. Pili, nyuma ya sehemu iliyobana, mishipa midogo ya ubongo imekwisha kupanuka kadiri inavyoweza ili kufidia upungufu. Haina tena nafasi ya kupanuka. Kuanzia hapo, kiasi cha damu kinachofika hutegemea nguvu ya msukumo peke yake, kama nyumba ya mwisho kwenye bomba la mtaa ambayo hukosa maji kila nguvu ya bomba inapopungua, hata kama nyumba za mwanzo hazina habari.

Ndiyo maana nimesikitishwa na ule mkupuo wa dawa mbili kuliko na namba yenyewe ya 118. Mshipa wa shingo ukibana upande mmoja tu, ubongo huwa na msaada: chini yake kuna duara la mishipa inayounganisha kushoto na kulia, mbele na nyuma, na upande mzima humkopesha mwenzake. Pande zote mbili zikibana sana, wa kukopesha hayupo. Mwaka 2003 Peter Rothwell wa Oxford na wenzake walichapisha uchambuzi wa wagonjwa waliokwisha kupata dalili kutokana na mishipa ya shingo, na walichokiona kinamhusu baba yako moja kwa moja. Kwa walio wengi, kadiri presha ilivyokuwa juu ndivyo kiharusi kilivyokuwa kingi, kama ilivyo kwa watu wengine wote. Lakini kwa kundi dogo lililobana asilimia 70 au zaidi pande zote mbili, mambo yaligeuka: waliokuwa na namba ya juu iliyo chini ya 150 walipata kiharusi kwa kiwango cha takriban asilimia 64 katika miaka mitano, na waliokuwa na 150 au zaidi takriban asilimia 24. Tofauti hiyo haikuonekana kwa waliofanyiwa upasuaji wa kusafisha mshipa.

Kaka yako asisome aya hiyo akafurahi. Viharusi vingi vinavyotokana na mshipa wa shingo husababishwa na bonge la damu au kipande cha utando wa mafuta kinachomeguka pale pale palipobana na kusafiri hadi ubongoni, na presha ya juu ni miongoni mwa vitu vinavyoumiza ukuta wa mshipa na kuuchokoza utando huo. Baba akiacha dawa zote leo, presha inaweza kurudi kwa kishindo na kupita hata ile 170 ya mwanzo. Aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, pamoja na dawa ya kolesteroli, haziguswi hata kidogo, kwa sababu si hizo zinazomtia giza machoni.

Mnachopaswa kumwomba daktari ni mambo mawili. La kwanza ni kupitia upya dawa za presha, moja baada ya nyingine, kuona ipi ipunguzwe na ipi isogezwe saa, baada ya kumpima akiwa amelala kwa dakika tano, kisha akiwa amesimama kwa dakika moja na tatu. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hapo ndipo maelezo ya giza la asubuhi yanapoanzia. La pili, ambalo naliona kubwa zaidi, ni rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa. Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 1991 ulihusu watu waliokwisha kupata dalili na ambao mshipa upande wa dalili ulikuwa umebana kati ya asilimia 70 na 99. Ndani ya miaka miwili asilimia 26 ya waliotumia dawa peke yake walipata kiharusi upande huo, dhidi ya asilimia 9 ya waliopasuliwa. Faida ya upasuaji huwa kubwa zaidi ukifanyika ndani ya wiki mbili baada ya dalili. Ninyi mmekwisha kuchelewa kwa miezi miwili, lakini mtikisiko unaoendelea unaonyesha kwamba hatari bado ni mbichi. Upasuaji huu haupatikani kila mkoa, na haumfai kila mgonjwa. Hata hivyo familia ina haki ya kusikia jibu la mtu anayeufanya.

Akipasuliwa, jueni kwamba sheria inageuka. Ubongo uliozoea damu kidogo hupokea ghafla damu nyingi, na katika siku na wiki za mwanzo presha ya juu huweza kuleta kichwa kikali upande uliofunguliwa, degedege, na hata kuvuja damu ndani ya ubongo. Kipindi hicho presha hubanwa kwa ukali ambao leo ungekuwa hatari kwake.

Kabla hamjaondoka nyumbani, asiinuke kwa ghafla. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, anywe maji, kisha asimame akiwa ameshikwa. Asioge maji ya moto sana na asiende msalani usiku peke yake. Mtikisiko ukija, mlazeni chali papo hapo. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hata kama ni kwa dakika tano na yakarudi, mkimbizeni bila kujadiliana.

*Daktari, nina miaka 54, naishi Mombasa. Baada ya kiharusi chepesi nilipigwa picha na mshipa mmoja ulio ndani ya ubongo ukaonekana umebana. Mwenzangu anayefuatilia mambo haya ameniambia kwamba presha ikiwa juu kidogo ndiyo inayosukuma damu ipite mahali palipobana. Nimepunguza vidonge mwenyewe na presha yangu ni 158/96. Sijisikii vibaya.* — Msomaji, Mombasa

Ndugu yangu, rudia vidonge vyako kama ulivyoandikiwa, kisha nenda kliniki wiki hii. Hoja ya mwenzako inafanana na niliyomwandikia binti wa Tanga, lakini wewe si baba yake. Mishipa ya ndani ya ubongo imefanyiwa utafiti wake yenyewe. Madaktari wa Marekani waliofuatilia wagonjwa wa aina yako walichapisha mwaka 2007 kwamba hawakuona presha ya juu ikimkinga mtu. Waliokuwa na wastani wa 160 au zaidi kwa namba ya juu ndio waliopata kiharusi zaidi. Kisha, mwaka 2011, utafiti mwingine wa huko huko uliwagawa watu waliobana asilimia 70 hadi 99 katika makundi mawili: wengine waliwekewa waya wa kupanua mshipa pamoja na dawa, wengine walipewa dawa peke yake kwa ukali, na lengo la namba ya juu likawa chini ya 140, au chini ya 130 kwa wenye kisukari. Katika siku 30 za mwanzo, asilimia 14.7 ya waliowekewa waya walipata kiharusi au walifariki, dhidi ya asilimia 5.8 ya waliotibiwa kwa dawa peke yake.

Kubana kwa mishipa ya ndani ya ubongo huonekana zaidi kwa watu wa asili ya Afrika na Asia kuliko kwa Wazungu, kwa hiyo jambo lako linawagusa wasomaji wetu wengi. Linalobaki ni mwendo: katika siku chache za mwanzo baada ya kiharusi daktari anaweza kuacha presha iwe juu kwa makusudi, na baadaye akaishusha kwa hatua kwa wiki kadhaa. Wewe umekwisha kupita kipindi cha kwanza. Kutojisikia vibaya kwa 158/96 hakukuambii lolote. Presha ya juu haina maumivu.

*Mama yangu mwenye miaka 72 alikwenda kupima presha dukani bila kuwa na tatizo lolote. Ikaonekana 200/110. Muuzaji akatoboa kidonge laini chenye dawa ya maji na kumdondoshea chini ya ulimi. Baada ya saa moja mama alitoka jasho jembamba na mguu wa kushoto ukakataa kuinuka. Hospitali walimkuta na 105/60, na baadaye mshipa wa shingo wa kulia ukaonekana umebana. Cha kutushangaza, siku ya pili wodini presha ilipofika 190 wauguzi hawakuishusha. Tunashindwa kuelewa.* — Mtoto wa kwanza, Morogoro

Pole sana, na umpe mama pole zetu. Kwa maelezo yako inaelekea dawa hiyo ni nifedipini ya aina inayofanya kazi haraka, ambayo kwa miaka mingi ilidondoshwa chini ya ulimi ulimwenguni kote kwa imani kwamba inaokoa. Shida yake ni kwamba mtoaji hawezi kujua itashusha kiasi gani wala itakomea wapi. Kamati ya wataalamu wa mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuipitisha kwa matumizi hayo mwaka 1985, na mwaka 1996 madaktari waliokusanya taarifa za wagonjwa waliopata kiharusi, shambulio la moyo na kifo baada ya kupewa waliandika wazi kwamba desturi hiyo ikomeshwe. Naona uchungu kwamba bado ipo kwenye kaunta zetu. Kutoka 200 hadi 105 ndani ya saa moja ni kuanguka ambako hata mishipa mizima ingetaabika nako, seuze uliobana.

Mtu mwenye 200/110 asiye na maumivu ya kifua, asiyekosa pumzi, asiyeumwa kichwa kikali wala kuchanganyikiwa, na asiye na kiungo kilicholegea, hana dharura ya dakika. Anahitaji kupumzishwa, kupimwa tena, kuanzishiwa au kurekebishiwa dawa za kumeza na kuonwa tena baada ya siku chache, presha ikishuka kwa siku na wiki. Kwa mwanamke mjamzito au aliyejifungua karibuni hesabu ni tofauti kabisa. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

Kuhusu wodini, wauguzi walifanya sawa. Kiharusi cha mshipa kuziba kikiwa kibichi, pembeni ya sehemu iliyokufa kuna sehemu iliyo hoi ambayo bado inaishi kwa damu ya kuazima, na presha ikishushwa sehemu hiyo nayo hufa. Mgonjwa asiyepewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda huachwa mara nyingi katika siku ya kwanza au mbili mpaka presha ipite 220/120 ndipo iguswe, isipokuwa moyo, figo au jambo jingine lidai vinginevyo. Akipewa dawa hiyo, mpaka unakuwa mkali zaidi: lazima awe chini ya 185/110 kabla ya sindano. Kiharusi cha kuvuja damu kina taratibu zake, na ndiyo sababu picha ya kichwa hutangulia.

*Daktari, assalaam aleikum. Mume wangu ana mshipa wa shingo uliobana upande mmoja kwa asilimia 60 na anatumia dawa tatu za presha, mojawapo ya kukojoza. Ramadhani iliyopita alikuwa akimeza zote pamoja wakati wa kufuturu, na akisimama kwa tarawehe alikuwa akipepesuka. Nyumbani mashine inatoa 172 siku moja na 124 siku ya pili. Tushike ipi?* — Mke, Unguja

Wa aleikum salaam, dada. Kupepesuka kwake kuna sababu tatu zilizokutana saa moja. Mchana kutwa mwili umepoteza maji. Chakula cha futari huvuta damu nyingi kwenda tumboni, na kwa wazee presha mara nyingi hushuka katika saa moja au mbili baada ya kula. Na juu ya hayo vidonge vitatu vinaanza kazi pamoja. Mwende kwa daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili aangalie dawa inayodumu saa 24, aamue kama ile ya kukojoza ipunguzwe au ibadilishwe, na agawe nyingine kati ya futari na daku. Afuturu kwa kiasi, akae kwanza, tarawehe aswali kwa kukaa siku anazojisikia mzito. Na kama amepata kiharusi au dalili za kupita katika miezi ya karibuni, mimi nitamshauri asifunge; mgonjwa ana ruhusa yake, na shehe wenu atawafafanulia.

Kuhusu 172 na 124, huenda zote mbili ni namba za kweli, na kutofautiana huko ndiko kunakonihangaisha. Mwaka 2010 kundi lile lile la Oxford lilionyesha kwamba watu ambao namba yao ya juu hubadilika sana kati ya ziara moja ya kliniki na nyingine wana hatari kubwa ya kiharusi, hata wastani wao ukiwa sawa na wa wenzao waliotulia. Dawa za jamii ya amlodipini hutuliza mabadiliko hayo kuliko atenololi na jamii yake. Asibadilishe mwenyewe, lakini mnaweza kuuliza. Sababu ya kawaida zaidi, hata hivyo, ni vidonge kumezwa siku kichwa kinapouma na kuachwa siku mtu anapojisikia vizuri.

Kabla ya kuituhumu dawa, upimaji nao uchunguzwe. Akae dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na nusu saa iwe imepita tangu chai, kahawa au sigara. Mara ya kwanza apimwe mikono yote miwili. Mwenye mishipa iliyobana shingoni anaweza kuwa na mwingine uliobana unaoelekea mkononi, na mkono huo utatoa namba ya uongo iliyo chini. Namba za juu zikitofautiana kwa 15 au zaidi mwambieni daktari, na tangu hapo tumieni mkono wenye namba kubwa. Yawezekana 172 na 124 zenu ni mkono wa kulia na wa kushoto. Andikeni kwenye daftari saa, mkono, amekaa au amesimama, na vidonge alivyomeza siku hiyo, kwa wiki nzima asubuhi na jioni, kisha mwende nalo kliniki pamoja na mashine yenyewe ili ilinganishwe na ya hospitali.